Nusu Saa ya Mama

Kwa mama yangu, kule kijijini Lupiro, huwezi kula samaki ukaondoka hivi hivi. Ukimaliza tu, hata mkono haujakauka, anakuletea kijiti cha mswaki na majivu yaliyochanganywa na chumvi, kisha anakusimamia. "Sugua vizuri. Utapandaje pikipiki ya watu unanuka samaki? Watasema mama yake kamlisha, hakumfunza." Mimi ni mtu mzima, nina duka la vitenge Ifakara na nina wajukuu, lakini mbele yake nasugua. Nikimaliza nafukuzwa: haya nenda, mvua isije ikakukuta darajani.

Na samaki wenyewe, jamani! Perege wa mtoni, kawachemsha na vipande vya embe bichi mpaka mchuzi una uchachu wa kukufumbisha jicho moja. Msimu wa maembe ukipita, anatia ukwaju. Ukiniwekea mchuzi huo juu ya wali mpya, sisikii la mtu.

Basi meno yakaanza vituko. Nikinywa maji ya baridi, kitu kinanichoma mpaka sikioni. Nikitia mchuzi wa mama mdomoni, meno yote ganzi. Nikawa nakula wali mkavu wa pembeni, samaki nawasukuma huku na huku kama mtoto mgonjwa. Sikumwambia, maana namjua: angejiona yeye ndiye aliyeniharibu meno, na perege nisingewaona tena. Yeye akawa ananitazama tu. Siku moja aliondoa sahani yangu, na mswaki hakuleta. Nikiwa navaa viatu akasema, "Chakula changu kimekushinda siku hizi. Sawa. Mjini vyakula ni vingi."

Loo, iliniuma kuliko jino! Nikaona kabisa mama yangu atamalizia uzee wake akidhani nimemchoka, na chanzo ni meno tu.

Nikaenda kwa daktari wa meno nimejiandaa kugombana. Akiniambia niache vitu vichachu, jibu ninalo: basi ng'oa yote, tuishie hapo. Alikuwa binti mcheshi, umri wa mwanangu wa mwisho. Akaniamkia, akanichungulia mdomoni, akaniuliza nasafishaje. Nikamweleza kwa majivuno, majivu na chumvi na yote. Akajishika shavu.

"Mama, unasugua hapo hapo, ukitoka kula embe bichi?"

"Sasa nisugue lini, kesho?"

Alicheka, kisha akanieleza taratibu. Uchachu unalilainisha kwa muda lile tabaka gumu la juu la jino. Ukisugua wakati huo unalikwangua, na majivu na chumvi vinafanya kazi ya msasa. "Samaki wako kula, tena kula na wali. Usishinde tu unafyonza embe mchana kutwa. Ukimaliza, sukutua maji matupu, subiri nusu saa, ndiyo upige mswaki, ule laini." Akanitajia na dawa ya meno ya watu wanaosikia ganzi. Nilitoka nimefurahi mpaka nikasahau kwamba nilikuja kwa shari.

Kazi ikabaki kumwambia mama kwamba majivu yake hayafai. Nikamweleza huku nakula, nao perege sikuwabakiza, ganzi nikaivumilia.

"Nusu saa?" akasema. "Ukae nusu saa nzima unanuka samaki?"

"Ndiyo, mama."

"Kwangu hapa?"

"Kwako hapa."

"Kumbe ulikuwa unaumwa," akasema. "Mimi nikajua umenichoka." Akaguna, akaenda kuchukua mkeka.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba sikuwa nimewahi kukaa na mama baada ya chakula. Yeye hupika, hupakua, husimamia mswaki, hufukuza. Sasa tunakaa barazani, yeye anamenya mbegu za maboga, ananisimulia ndege wanavyomtesa shambani na majirani wanavyomtesa zaidi. Tunacheka mpaka anajifuta macho. Meno yametulia, mchuzi naumaliza. Saa mama hana, na nusu saa yake siku hizi ni ndefu ajabu. Silalamiki.

Juzi nilimkuta amepika maharage. Mto ulikuwa umejaa, samaki hakuna. Hakuna embe, hakuna ukwaju, hata nyanya hakutia. Nikala, nikanawa, nikachukua mkoba, maana wingu lilikuwa limeshakuwa jeusi upande wa Ifakara.

"Unakwenda wapi?" akauliza.

"Mama, leo ni maharage tu. Hayana uchachu."

Hakunitazama. Alisogea kidogo, akapapasa mkeka pembeni yake.

"Kaa," akasema. "Nusu saa haijaisha."

Nikaweka mkoba chini. Mvua ikaja, ikatukuta pale pale, na hakuna aliyenifukuza.