Simu Iliyotaka Kidole Gumba

Binti wa kaka yangu alikuja Jumapili kutoka Syokimau, kabambe, ile simu ndogo ya batani, ikimning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu, na nilipoiona nilitamani kumzaba kofi.

Nimesikia habari za hao vijana wa mjini. Siku hizi wanazitafuta simu za batani kwa udi na uvumba, wanasema zinawapumzisha akili, zinawakumbusha utoto na ule mchezo wa nyoka anayekua mpaka anajigonga mwenyewe. Mtu akitaka kupumzika, apumzike. Lakini huku kwetu, nyuma ya Masii, simu hiyo haikuwa ya kukumbuka utoto. Ilikuwa ya kuzuia watu wasichinjwe, na mtu akinijia nayo kama pambo, damu inanipanda kichwani.

Kibanda changu cha chai kiko kwenye kona ya barabara inayoshuka mtoni. Mto wetu ni mkavu sehemu kubwa ya mwaka, lakini mchanga wake umeficha maji. Ukichimba kidogo yanakuja yenyewe, safi, unateka kwa kikombe mpaka mtungi unajaa. Mchanga ukichotwa, unabaki mwamba mtupu, na punda wanarudi nyumbani na madumu makavu. Ndiyo maana lori za kuchota mchanga wa kuuza mjini zilipoanza kuja tulizichukia kama tunavyochukia nyoka ndani ya nyumba.

Zilipenda Jumapili, watu wakiwa kanisani. Basi tukagawana kulinda. Sisi Wakatoliki tulikuwa na misa ya mapema, wenzetu Waprotestanti na ibada ndefu inayokula mchana wote. Wao walilinda mto tukiwa misani, sisi tukalinda wao wakiomba. Hakuna askofu aliyetuambia tufanye hivyo. Mlinzi alibeba kabambe mfukoni, batani hazijafungwa, na namba yangu ilikuwa kwenye batani ya mbili. Akiona lori, hakuitoa. Aliipapasa humo humo mfukoni, akaikandamiza mbili bila kuachia, akakata. Simu yangu ilikuwa kwenye fundo la leso, kiunoni. Ikitetemeka tu, nilichukua nondo nikagonga rimu kuukuu ya lori iliyoning'inia kando ya kibanda, na kijiji kizima kikashuka na majembe. Isipotetemeka, mambo ni shwari. Kwetu kimya kilikuwa habari njema.

Kaka yangu ndiye mlinzi tuliyemtegemea. Ni mtu wa maneno machache na kichwa kigumu. Huyu binti yake alipopata kazi, alimletea simu kubwa ya kioo. Kaka alijifanya haitaki, kisha akaanza kwenda nayo mpaka shambani, akiangalia bei ya mbuzi na mahubiri ya mapadre wa mbali. Kabambe yake ikabaki rafuni karibu na chumvi. Nilimtania kwamba siku hizi amekuwa mkurugenzi. Alicheka, na mimi nikacheka.

Kisha ikaja Jumapili moja, simu yangu ikakaa kimya. Niliuza chai, nikakaanga mandazi, nikasikia Waprotestanti wakiimba kule juu. Kisha lori likapanda kutoka mtoni, limeshiba, maji ya mchanga yakichuruzika barabarani. Juu ya mchanga walikaa vijana nisiowajua. Mmoja aliniinulia panga kunisalimia.

"Mathe, niaje!" akaniambia.

Panga lile halikuwa limefutwa damu.

Niligonga rimu ile mpaka mkono ukafa ganzi. Niligonga nikipiga mayowe, nikitukana matusi ambayo sikujua ninayo. Watu wakamwagika kutoka kanisani, wanaume na suti zao, wakiinama kuokota mawe, nami nikateremka mbio nikiwa peku.

Nilimkuta kando ya visima vyetu, amelala ubavu. Walikuwa wamemkata begani, wamempasua kichwa, na mkono wa kulia ulikuwa umekatwa vibaya sana, kidole gumba hakipo. Mchanga ulikuwa umekunywa damu ukawa mweusi. Simu ya kioo ilikuwa karibu na uso wake, imewaka, imechafuka damu kila mahali. Alinitazama akasema neno moja tu, "Imekataa." Nilidhani anapoteza fahamu. Nilivua leso nikamfunga mkono, nikamkaza kwa nguvu zangu zote, na nilikuwa nalia kwa hasira kuliko huzuni.

Walipomleta juu kwa mkokoteni wa punda, lori lilikuwa linawaka moto barabarani karibu na kanisa. Mawe yalikuwa yamevunja kila kioo. Vijana wawili walikuwa wametoroka kwenye mashamba ya mbaazi, na dereva alikuwa chini, kinywa kimejaa vumbi na meno. Nilimpiga teke la mbavu. Nikampiga jingine. Wanawake wa kwaya ndio walionivuta, la sivyo polisi wangekuta maiti. Padre hajaniuliza habari ya mateke yale, na akiniuliza nitamwambia ukweli, kwamba niliona raha.

Hospitalini Machakos, alipoweza kuongea, kaka alinieleza. Lori lilipofika aliingiza mkono mfukoni kama zamani, lakini kioo hakipapaswi. Ilibidi aitoe, aitazame, aifungue. Na simu ile ilifunguka kwa kidole gumba cha kulia. Walimwona akiitoa, wakampiga panga la kwanza hapo hapo mkononi. "Ilikuwa inaitisha kidole," akaniambia, "na kidole kilikuwa kwa mchanga." Akageukia ukutani. Hakulizungumza jambo hilo tena.

Alipopona alirudi mtoni. Tulimkataza, hakutusikia. Alichukua kabambe rafuni akajifunza kuibonyeza kwa mkono wa kushoto, nasi tukabadilisha sheria, kwa sababu mimi siwezi tena kuvumilia kimya. Sasa akizunguka mpaka kwenye kona ya mto, anapiga iite mara moja, anakata. Maana yake yuko hai. Mimi nikisikia, ninabandika sufuria ya chai mpya. Chai ikichemka kabla simu haijatetemeka tena, nagonga rimu.

Sasa mnaelewa nilivyojisikia huyu binti alipokaa kwenye benchi langu na pambo lake shingoni.

"Hiyo nayo ni nini?" nikamwuliza.

"Ni kabambe, anti. Siku hizi ndiyo niko nayo."

"Style ya Nairobi?"

"Hapana, anti. Ni kupumzika tu."

"Kupumzika!" Niliivuta ile kamba ikakatika, nikaibamiza simu kwenye meza. Ilipasuka vipande, kifuniko huku, betri kule. "Baba yako anabeba hiyo kitu kwa sababu alikatwa kama mbuzi! Na wewe unaivaa kama shanga! Nenda ukapumzikie kwenu!"

Wateja wawili walisimama wakaenda zao na vikombe vyangu. Binti aliinama, akaokota betri chini ya benchi, akaifuta kwa sketi, akairudisha mahali pake, akabana kifuniko. Simu ikawaka. Ndivyo zilivyo hizo simu.

"Anti, ile siku hukunipigia mpaka jioni," akasema.

"Nilikuwa na baba yako hospitali. Ningepiga saa ngapi?"

"Sikulaumu. Lakini mimi nilikuwa nimejua tangu mchana."

Nilimwuliza alijuaje.

"Mmoja wao alikuwa anachukua video. Ilitumwa kwa gurupu yetu ya ploti, ya wapangaji wote, watu wakaweka vicheko. Nikafungua. Nikaona ni mto wetu, nikaona ni shati ya baba." Alikuwa anaitazama ile kabambe, hanitazami mimi. "Alikuwa amelala chini anajaribu simu. Anaweka kidole hiki, inakataa. Anaweka kile, inakataa. Alijaribu vyote vilivyobaki, anti. Na wao wanacheka, wanamwambia ajaribu vya miguu."

Nilikaa chini. Habari ya video nilikuwa nimeisikia, na nilikuwa nimeapa kutoitazama. Sikujua kwamba yeye ameiona.

"Ni mimi nilimwekea hiyo lock," akasema. "Baba alisema yeye hana siri, iachwe wazi. Nikamwambia siku hizi kuna wezi. Nikamshika kidole gumba mimi mwenyewe, nikakiweka kwa kioo mpaka ikakubali. Sasa kila nikishika simu ya kioo, ninakisikia hicho kidole kwa mkono wangu. Niliuza yangu wiki hiyo hiyo."

Nilitaka kumwomba radhi, lakini mimi hasira ndiyo lugha yangu. Nilimmiminia chai. Hakuigusa. Aliuliza kama baba yake yuko mtoni, nikasema yuko. Akasema amemwomba Jumapili hii aweke namba yake kwenye mbili badala ya yangu, leo tu, na baba amekubali. Kisha akaiweka simu kifuani kwa mikono miwili.

Nilibandika sufuria mpya jikoni, nikaanza kuhesabu hapo. Waprotestanti walikuwa wanaimba. Niliona mapovu madogo yakianza pembeni, kisha katikati. Nilipunguza kuni, jambo ambalo sijawahi kulifanya. Mapovu yakazidi. Binti alikuwa amefumba macho, midomo inacheza. Maziwa yakaanza kupanda.

Simu ikatetemeka kifuani mwake. Alirukia kuipokea, nikampigia kelele asiipokee, na kabla sijamaliza ilikuwa imekatika yenyewe, mara moja tu, kama inavyotakiwa.

Alilia hapo kwa sauti, kamasi zikamtoka, huku chai ikimwagika motoni. Alipotulia alinitazama mkono.

"Anti," akasema, "weka hiyo chuma chini."

Sikuwa nimejua kwamba nimeshika ile nondo ya rimu.