Nilisema Si Wangu

Asubuhi ile nilikuwa nafukiza vibuyu vya maziwa, na Guyo mume wangu alikuwa ananichokoza kama kawaida yake. Alisimama mlangoni, akamtazama binti yetu aliyekuwa akivuta mkia wa mwanambuzi, akasema, "Talaso, hii takataka yako imekula leo?"

"Imekula kukushinda wewe," nikamjibu.

Mgeni angetuona watu wa ajabu. Binti tulimwita Kosi, yaani takataka kwa Kiborana, na hatukuwa tunamtukana. Kabla yake nilikuwa nimezika watoto, mmoja baada ya mwingine, wote wakiwa bado wa kubebwa mgongoni. Kwetu, mama aliyefiwa hivyo hathubutu kumwita anayefuata mwanawe. Kosi alipozaliwa, jirani yangu Tume alimchukua, akamlaza kwenye jalala nje ya boma, kisha akamwokota na kuniletea. "Nimeokota kitu hiki, nilelee," akasema kwa sauti kubwa, ili kifo kisikie. Tangu siku hiyo, kila aliyeniuliza nilimjibu kwamba si wangu, nimemwokota. Kifo hakihangaiki na kitu kilichotupwa. Sheikh wa Garbatulla alitukemea, akisema mauti yamo mikononi mwa Mungu peke yake. Nilimwitikia vizuri, kisha nikaendelea na yangu, maana Kosi alikuwa amefika miaka miwili na alikuwa anakimbia.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini. Vita tulivyoambiwa vimekwisha vilikuwa vimeacha bunduki nyuma, na bunduki hazikai bila kazi. Mashifta, waasi wa vita vile waliogeuka majambazi, walikuja kuchukua ngamia wetu, halafu wanajeshi walikuja kutuuliza kwa nini tumewapa. Sisi tulikuwa katikati, tukiwaogopa wote.

Siku ile mashifta walikuja mchana.

Nilisikia milio, nikadhani mtu anapasua kuni. Kisha mbuzi wakaanza kuanguka.

Nilimnyakua Kosi, nikakimbia.

Tulilala kichakani, kiganja changu juu ya mdomo wake. Hakulia. Mtoto wa miaka miwili alijua asilie.

Walipoondoka na mifugo, nilimkuta Guyo amepigwa risasi pajani. Tulimfunga kwa shuka, Tume na mimi, tukamficha kwenye korongo, kwa sababu siku hizo mwanamume yeyote mwenye jeraha la risasi aliitwa shifta. Bila mifugo hatukuwa na maziwa. Kosi akaanza kuharisha, macho yakaingia ndani, na ziwa langu lilikuwa limekauka kitambo. Guyo ndiye aliyesema, "Nenda Isiolo. Leta dawa. Nenda na mtoto, huku atakufa."

Nilimwachia Tume mgonjwa, nikambeba Kosi, nikapanda lori lililobeba ngozi.

Pembeni ya mji wa Isiolo palikuwa na nyumba ya watoto iliyoendeshwa na wazungu wa kanisa. Watu walisema pale mtoto anapewa maziwa hata kama huna kitu. Aliyenipokea alikuwa Mmeru, mama mnene mpole aliyeitwa Kanana. Nyuma yake alisimama mwanamke wa Kizungu.

"Habari, mama," Kanana akasema. "Huyu mtoto ni ya nani?"

Joto la Kosi lilikuwa likiniunguza kifua. Kama kulikuwa na siku ya kumficha, ilikuwa hiyo.

"Si yangu," nikasema. "Mimi naokota tu."

"Unaokota wapi?"

"Kwa jalala."

"Na mama yake?"

"Hakuna."

Kanana akamweleza yule mzungu kwa Kiingereza. Mzungu akaweka mkono kifuani, machozi yakamlengalenga. Nikafikiri, huyu ana roho nzuri.

"Patia yeye maziwa," nikamwambia Kanana. "Mimi narudi kuchukua."

"Sawa, mama. Mungu akubariki."

Kosi alinishika nguo, ikabidi Kanana amfungue vidole kimoja kimoja. Nilisikia kilio chake mpaka nikafika barabarani. Walikuwa na masikio, nao walikisikia. Ni mtoto gani hulia hivyo kwa mtu baki?

Guyo nilimkuta hai, lakini paja lilikuwa limeoza na dawa niliyoipata mjini haikufua dafu. Alikufa akiniuliza kama takataka yake imekula. Nikamwambia imekula na kushiba.

Kisha wanajeshi wakaja.

Walitukusanya wote Garbatulla, wakasema hakuna atakayetoka mpaka mashifta wapatikane. Niliwaomba. Niliwapigia magoti. Nilisema nina mtu wangu Isiolo, ni mgonjwa. Askari mmoja akaniuliza ni nani wangu. Hata hapo sikuthubutu kusema mtoto.

Tulifunguliwa mvua zikiwa zimekwisha kunyesha na kukatika. Tume akanisindikiza mpaka kwenye ile nyumba ya watoto. Kanana aliponiona alikaa chini, na mimi nikajua.

"Amepata kwao, mama. Alipelekwa ng'ambo na ndege. Ni wazungu hawana mtoto, watu wazuri sana."

"Nani alisema achukuliwe?"

"Korti. Wewe mwenyewe ulisema ni ya kuokota. Tulingoja, hakuna mtu alikuja." "Kama ni mtoto yako, sema hapa mbele yangu. Nitaambia wakubwa waandikie hao watu."

Nilifungua mdomo, sauti ikakataa. Kosi alikuwa peke yake katika nchi nisiyoijua hata jina, bila kinga yoyote ila neno langu. Nikilitangua, nani angemficha? Na nisipolitangua, nani angemrudisha?

Tume ndiye aliyesema. "Huyu ni mama Kosi. Mimi ndio nilipokea mtoto na mikono yangu."

Hakuna mtu aliyewahi kuniita hivyo.

"Ni yangu," nikasema. Kisha nikapiga kelele. "Kosi ni yangu! Nimezaa mimi!" Watoto waliokuwa uani wakaacha kucheza wakanitazama. Kanana alilia kunishinda.

Aliandika, au alisema ameandika. Jibu halikuja. Wazungu wale walirudi kwao, wakaja wengine wasionijua, na Kanana naye akahamia Meru. Miaka ya themanini nilihamia Wabera, mtaa wa Isiolo, nikawa nauza maziwa, jioni nikisoma gumbaru, darasa la watu wazima, pamoja na wenzangu, tukichekana kwa kushika kalamu kama fimbo. Nilijifunza kuandika kwa ajili ya Kosi. Sikupata mtu wa kuniambia niandike wapi.

Watoto wangu wengine na baba yao nimewazika, na makaburi yao nayajua. Kosi sina kaburi lake wala uhai wake. Usiku na mchana nimejiuliza kama niliposema ni wangu nilimuua. Sheikh huniambia hapana, na siku nyingine namwamini.

Siku ninazomwamini ndizo mbaya zaidi. Maana kama yu hai, basi mtu mwema, mwenye machozi ya karibu, alimketisha siku moja akamweleza taratibu kwamba aliokotwa jalalani, na kwamba mama yake hakuwapo. Maneno yale mimi niliyaambia mauti. Wao wakamwambia mtoto.