Vistari vya Chini ya Chungu

Jirani yangu mfinyanzi hukigonga chungu kwa ukucha wa kidole gumba, kisha hukiinamia na kusikiliza, kama mama anayemhoji mtoto mwongo. Tulipohamishwa kutoka milimani kuja kijiji hiki kipya, karibu na Rudewa, sisi tulibeba mahindi na kuku. Yeye alibeba kapu la udongo wa mtoni kwao. Ulipokwisha akaanza kuchimba wa hapa, akiuonja kwa ncha ya ulimi na kuutema. Mara tatu alichoma vyungu, mara tatu vikapasuka. Kila Jumatatu mwenyekiti Donati alisimama mlangoni pake. "Shikamoo, mama. Vyungu vya shule vitakuwa tayari lini?" "Marahaba. Mimi na udongo huu bado hatujazoeana."

Kule milimani, kabla ya kuchoma, alikuwa akichora vistari vitatu chini ya kila chungu, mahali ambapo masizi huvifunika siku ya kwanza tu ya kupika. Niliwahi kumwuliza faida yake. "Kwani siku moja si siku?" Tangu tuhame hakuvichora tena. Jana, majivu yalipopoa, alitoa chungu akakigonga. Kikalia, ngii! Akacheka mpaka akakaa chini. Nikakigeuza: vistari vitatu. "Ulijuaje kuwa hakitapasuka?" "Sikujua. Nilichoka kuwa mgeni." Akanisukumia chungu, bado kina joto. "Haya, kakitie masizi."