Boksi Lisilo na Kioo la Maneromango

Mafundi kompyuta wa Kwa Mathias, pale Kibaha, wana tabia moja: kompyuta ikiletwa bila kioo, wanaitazama kama maiti iliyokosa ndugu. Mwanahalima Mfaume hayumo katika hao. Yeye ndiye mwanamke pekee katika safu ile ya vibanda, na boksi kuukuu la kompyuta lililokufa kioo akilipata hulichekea. "Kioo cha nini?" huwauliza wenzake. "Kwani kioo ndicho kinachofanya kazi?" Wakamtania weee, wakachoka wenyewe.

Boksi moja la namna hiyo lilitupwa na ofisi fulani kwa uzee. Mwanahalima alilifuta vumbi, akaliwekea mfumo mwepesi wa Linux, ule usiodai makuu, kisha akalifundisha adabu: umeme ukirudi liwake lenyewe, lijiunge na mtandao lenyewe, na limruhusu yeye kuliendesha kwa simu yake popote alipo. Akalijaza vitabu vya sekondari, mitihani ya miaka iliyopita na masomo ya video, akalipeleka Kisarawe, huko Maneromango, kwenye shule aliyosoma mwenyewe. Shule hiyo aliimaliza bila kushika kitabu cha fizikia, maana kilikuwa kimoja tu na kilikaa kwa mwalimu. Matokeo yalipotoka alilia mpaka sauti ikakauka.

Boksi likakaa juu ya meza katika chumba kidogo kando ya ofisi ya walimu, halina kioo, halina kibodi, halina kipanya. Wanafunzi wakawa wanaingia na vishikwambi vya shule, wanajiunga nalo bila waya, madirisha yake yanawatokea mkononi, wanasoma. Mwanahalima akawa analitunza kutoka Misugusugu, Kibaha, anakoishi na mumewe. Mambo yakawa shwari kabisa.

Mpaka msimu wa korosho. Shule ina mikorosho yake, na magunia yalihitaji pa kulala. Mzee Rajabu, mwenyekiti wa kamati ya shule, akaanza kukikodolea macho kile chumba. "Chumba kizima," alisema, "kimekaliwa na boksi ambalo hata halijulikani kama liko macho au limelala!" Kamati ikapanga kikao: boksi liwaonyeshe kazi yake mbele yao. Likishindwa, litoke, korosho ziingie.

Na siku ya kikao ikamkuta Mwanahalima hajatoka arobaini. Alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza, na mama yake, Bi Salama, alikuwa ametoka Maneromango kuja kumlea. Kwenye uzazi Bi Salama hana mzaha hata chembe. Maji ya moto, uji wa pilipili manga, tumbo kufungwa kanga, na mzazi havuki kizingiti. Safari ya Kisarawe hata kuitaja ilikuwa kosa. Simu nayo ilipigwa marufuku, eti mwanga wake unamchoma mtoto macho.

Asubuhi hiyo simu ikaita bila kukoma, Bi Salama akaipokea kwa kununa. Alikuwa Stellamaris, mwalimu anayekitunza kile chumba, na sauti yake ilisikika mpaka kitandani. "Mama, shikamoo! Mwambie dada boksi linanizimikia! Likiwaka, kidogo tu linazima tena, na kamati ndiyo hiyo inaingia!"

Mwanahalima akanyoosha mkono. "Mama, nipe simu."

"Sikupi. Nyonyesha."

"Mama, boksi likitoka, watoto wa kule watamaliza shule kama nilivyomaliza mimi. Wewe ndiye uliyekaa na mimi nikilia. Nakuomba."

Bi Salama akasimama pale na simu mkononi, uso umekunjamana. Halafu akampa simu, akamchukua mtoto. "Fanya upesi. Na usithubutu kuinuka."

Stellamaris akaliwasha tena, Mwanahalima akaliingia kwa mbali kupitia simu yake, akaliuliza joto lake. Joto lilikuwa linapanda mbio, na feni inahangaika kwa nguvu zake zote. Asubuhi vile, jua bado changa!

"Stella, umeligusa?"

"Wala! Nimelipamba tu, dada. Si wageni wanakuja? Nimelifunika kitambaa cha kufuma, kile cha kwenye televisheni yangu, nikakishusha mpaka chini. Limependeza huwezi kuamini!"

Mwanahalima alicheka mpaka tumbo likamuuma ndani ya kanga. Sisi watu wa Pwani tunajijua: kitu tukikithamini tunakifunika, kiwe redio, jagi au kochi. Mwalimu wa watu alilipa boksi heshima zote, na heshima zikaliziba pumzi.

"Livue, mdogo wangu! Livue hilo gauni, lizime lipoe kidogo, kisha uliwashe!"

Kitambaa kikatoka. Boksi likawaka na joto likatulia, lakini vishikwambi vyote vikabaki vyeusi. Ule mfumo uliamka, ukatafuta kioo cha kuchorea madirisha yake, ukakikosa, ukasusa. Tangu mwanzo Mwanahalima alikuwa amelitengenezea boksi kioo cha kujifanya, cha kuuongopea mfumo tu, na kule kuzimazima kulikuwa kumekivuruga. Stellamaris akamnong'oneza kwamba wazee wameshakaa. Akaandika amri kwa kidole gumba, akakosea, akafuta, akaandika upya. Boksi likadanganyika kwamba lina kioo, na vishikwambi vikawaka vyote kwa pamoja.

"Haya," Mzee Rajabu alisikika akisema, "hilo boksi linafanya nini?"

Mwanahalima akafungua ukurasa mtupu, akaandika, na kila kishikwambi mle chumbani kikaonyesha: *Shikamoo Mzee Rajabu.*

"Marahaba," mzee akaitikia kabla hajajijua. Kamati ikaangua kicheko. Hapo Mwanahalima hakulaza damu. Akawafungulia kitabu cha fizikia, akawafungulia mtihani, akawachezea somo la mzunguko wa umeme, na binti mmoja wa kidato cha nne akasimama kuwaelezea wazee hatua kwa hatua.

Mzee Rajabu akaisogelea simu ya Stellamaris. "Wewe unayeliendesha, uko ofisi gani?"

"Niko Misugusugu, mzee. Niko kitandani, ndani ya arobaini."

Kisha mama mmoja wa kamati akasema, "Mzazi? Mzazi mbichi anatufundishia watoto?" Akapiga kigelegele, wenzake wakampokea.

Mzee Rajabu akangoja wamalize. "Magunia yaletwe kwangu," alisema. "Sebule ninayo."

Bi Salama alikuwa amesikia yote. Akamshika mjukuu vizuri begani, akavuta pumzi, akakijibu kile kigelegele cha Maneromango kwa cha kwake, kirefu, mpaka majirani wa Misugusugu wakatoka nje kuuliza kuna nini. Mtoto akashtuka, akalia kwa nguvu, na Mwanahalima akalia pamoja naye kwa furaha.