Baba Hamisi na Bomba la Upepo

Usiku ule nililala nimeugeukia ukuta, nikamwambia marehemu mume wangu: "Leo usipokuja, Baba Hamisi, basi tena. Mimi na wewe tumeachana."

Mnacheka? Chekeni. Hamjaujua wivu wa kumwonea mtu aliye kaburini.

Sisi kwake tulikuwa wawili. Mimi mkubwa, mwenzangu Zuhura mdogo, nyumba mbili ua mmoja. Kila mtu na mwanawe wa kiume. Wangu Hamisi, anapiga magari rangi. Wake Bakari, wa matairi. Wote wako kwenye gereji moja aliyowaachia baba yao, kila mmoja na upande wake. Sasa wakaleta kompresa kubwa, ile mashine ya kusukuma upepo, na kesho fundi anakuja kutoboa kuta apitishe mabomba. Hapo ndipo pakawaka moto. Mashine ikae kwa nani?

Fundi mwenyewe, siku alipokuja kupima, anaongea kama redio iliyofunguliwa sauti mno: "Mama zangu, eeh! Bomba moja kwa moja, sawa? Aliye karibu na mashine anashiba upepo, wa mwisho anapata kilichobaki, sawa?" Mimi nikashika hapo hapo. Nikasema mashine inakaa kwa Hamisi. Mke mkubwa mimi, mtoto wa kwanza wangu.

Na nilikuwa na langu lingine. Kila gari Hamisi analolipiga rangi kwa kile kikompresa chake kidogo cha zamani, hapo ubavuni mwake, lilikuwa linatoka vipele, vidogo vidogo, kama mtoto mwenye tetekuwanga. Nikajua ni nini. Kijicho cha Zuhura hicho. Na majirani nikawaambia.

Basi asubuhi moja Zuhura akaja na kile kisauti chake cha puani: "Daaada, nimemwota Baba Bakari. Kaniambia mashine ikae kwa Bakari. Alikuwa kavaa ile kanzu yake nyeupe, ananukiaaa."

Ananukia! Kwetu ndoto ya marehemu haibishwi. Ukishaisimulia kabla hujatia kitu mdomoni, imepita. Vijana wetu wote wawili wakaitikia. Na mimi nikaumia, lakini niseme kweli, sikuumia kwa ajili ya mashine. Niliumia kwamba kaenda kwake. Alipokuwa hai alikuwa na zamu, siku mbili kwangu siku mbili kwake, hakosei. Kafa, zamu kasahau. Miaka mitatu mimi sijaona hata kisigino chake.

Ndiyo usiku ule nikaugeukia ukuta, usingizi ukanichukua. Na mara ni mchana. Niko gerejini. Hakuna magari, pamefagiwa, jua linaingia kwenye matundu ya bati. Na yeye yupo. Kanipa mgongo, kavaa ovaroli lile la bluu lenye kiraka nilichokitia mimi. Kanzu hakuna. Wala hanukii kitu ila grisi. Nataka kumwambia umekonda, nataka kumwambia mengi. Yeye anaguna vile vile alivyoguna maisha yake yote:

"Mmh. Nipe chaki."

Miaka mitatu! Nipe chaki!

Nampa. Chaki iko mkononi mwangu, sijui imetoka wapi. Anachora mstari juu ukutani, unateremka kidogo tu, huoni kama unateremka mpaka uutazame sana. Anatembea, namfuata. Na pale chaki inapopita, mstari unageuka bomba, zito. Ananiambia, "Shika." Nashika. Nageuka nione nani kashika kule mwisho.

Zuhura.

Ndani ya ndoto yangu! Kajifunga kanga kiunoni, kakamata bomba kwa mikono miwili, hata hanitazami. Napiga kelele: "Huyu naye katoka wapi? Leo zamu yangu!" Marehemu anaendelea kuchora. Anafika pembe ya kwanza, anakunja. Ya pili, anakunja. Na sasa si gereji, ni uani kwetu, bomba linapita juu ya mlango wangu, linapita juu ya mlango wake, halafu ni gereji tena, na bomba limezunguka kuta zote nne, limerudi lilikoanzia, limeungana. Mashine inanguruma. Naangalia: iko upande wa Bakari.

"Kwa Hamisi!" namwambia. "Mweke mwanangu awe wa kwanza!"

Hapo ndipo anageuka. Uso ule ule. Anauchukua mkono wangu, anauweka juu ya bomba, pale karibu na mashine. La moto. Halafu anafungua kijikoki kilicho chini yake. Maji. Maji ya kutu, yanamwagika mpaka miguuni mwangu, yananilowesha gauni, hayaishi.

"Upepo una maji, Mama Hamisi," anasema, taratibu. "Wa kwanza ndiye anayeyanywa."

Nikaviona vile vipele vyote vya rangi mbele yangu. Nikauona na mdomo wangu huu, ulivyokwenda kwa majirani.

Yeye keshafika ukuta wa mbali, upande wa Hamisi. Huku bomba limepoa. Anachora tawi linalotokea mgongoni mwa bomba, si tumboni, linapinda kama shingo ya bata ndipo lishuke. Maji yabaki chini, upepo upite juu. Anafungua. Upepo mkavu, unanipiga usoni.

"Na kwa Bakari?" nauliza. Sijui kwa nini nauliza.

Anafungua na kule. Nguvu ile ile.

"Unakuja kwa pande zote mbili," anasema. "Hakuna wa mwisho."

Nataka kumuuliza: na mimi? Kwa nini ulianza kwake? Nafumbua mdomo, unatoka upepo mtupu. Anakitia kijipande cha chaki mfukoni, anapangusa mikono kwenye kile kiraka changu, anakipangusa kama anakipapasa, na mimi ndiyo naamka.

Gauni kavu. Nje Zuhura anafagia ua.

Nikatoka hata uso sijanawa. Aliponiona, ufagio ukamwanguka. "Dada," akasema, na pua leo kaiacha ndani, "kabla hujanigombeza. Nilidanganya. Hajanijia. Hata siku moja. Kila nikilala namwita, haji."

Jamani. Nikakaa kizingitini. Maana sasa yote yalikuwa mikononi mwangu. Kitu sijatia mdomoni. Ningesema marehemu anataka mashine kwa Hamisi, nani angebisha? Huyu wa kubisha keshajimaliza mwenyewe.

"Mashine ikae kwa Bakari, tairi halijali maji kidogo," nikamwambia. "Bomba lizunguke kuta zote nne lirudi mwanzo. Matawi yatokee juu. Kule linakoteremkia, iwekwe koki ya kumwaga maji. Hamisi akae mbali na mashine. Ile rangi yake ilikuwa inaharibiwa na maji tu, si mtu. Majirani nitawapitia mimi, nyumba kwa nyumba."

Akanitazama.

"Kaja kwako."

"Kaja."

Uso ukamshuka. Naujua uso ule, mimi nimeuvaa tangu siku aliyoniambia ananukia. Na kicheko changu nilikuwa nimekiandaa zamani, kiko hapa kooni.

"Alikuja peke yake?" akauliza, sauti hiyo huisikii.

"Peke yake wapi!" nikamwambia. "Na wewe ulikuwepo. Ulishika upande wa pili wa bomba, wala hukuliachia mpaka mwisho."