Mti Niliounyonyoa Majani

Kutoka Makete hadi Guangzhou, Uchina, nilitumia siku tano: mabasi mawili mpaka Dar es Salaam, siku mbili za kungoja, kisha ndege mbili. Nilikuwa nimeshaishi Tunduma na Lubumbashi, na kote sikumaliza miaka mitatu. Hapa nikakaa tisa, nikiwanunulia watu wa nyumbani viatu kwenye soko la Zhanxi na kuvisindikiza hadi bandari ya Nansha.

Mwenye nyumba wangu alikuwa mzee wa miaka themanini hivi, mzaliwa wa milimani, mbali kaskazini. Uani, mahali pasipozidi upana wa mkeka, alipanda dogwudi, mti mfupi wa mapambo wenye maua meupe ya petali nne pana. Kwao mti kama huo ulikuwa mlangoni. Alitaka auone umechanua mara moja tu kabla hajafa. Alilisema hilo kama mtu anayeagiza chai.

Miaka minne ulitoa majani matupu. Guangzhou haina baridi ya kuulaza ili uamke na maua. Mzee akawa ananunua barafu kwa wauza samaki na kuirundika shinani.

"Babu, huo ni mti au kambale?" jirani alimtania.

Ndipo nikafungua mdomo. Kwetu, matufaa yakishavunwa, tunanyonyoa majani yote kwa mkono, na mti huchanua upya.

"Afrika kuna matufaa?"

"Yapo, mzee wangu. Na asubuhi nyingine sakitu, ile barafu ya alfajiri, inaunguza viazi shambani."

"Kumbe laoban, bosi wa viatu, ni mkulima! Haya, fanya."

Niliunyonyoa mwezi wa kumi, jani kwa jani, yeye kanishikia mfuko. Baada ya wiki tatu machipukizi yakatoka, akaninunulia tambi. Lakini yalikuwa majani, tena membamba, na jua likayababua. Mengine hayakuja. Matawi yakaanza kukauka kutoka nchani. Nilimwagilia, nikatandaza neti ya kivuli, nikaenda kwa muuza maua.

"Majani ndiyo chakula chake," alisema. "Umeunyang'anya."

Mzee hakunilaumu hata siku moja. Ningeshukuru kama angenifokea. Kila asubuhi alikwaruza gome kwa ukucha kutafuta ubichi, na kila wiki alikwaruza chini zaidi.

Kibali changu cha kukaa hakikuongezwa. Siku ya kuondoka nilimkuta amechuchumaa uani.

"Njoo unitazamie, macho yangu mabovu. Pana kijani hapo?"

Nikaweka mabegi chini. Alikuwa amefika karibu na udongo. Palikuwa pakavu, rangi ya kahawia. Nikakwaruza mwenyewe, chini kidogo. Kahawia. Nje teksi ikapiga honi.

"Sioni, mzee wangu."

"Huna miwani wewe," akasema, akaendelea kukwaruza.

Nilibaki nimechuchumaa karibu naye mpaka dereva akaingia uani, akabeba begi moja na kuanza kutoka nalo.