Shule ya soksi nyeupe na shule ya uji: tulivyomtafutia binti yetu shule tulipohamia Karatu

Wakuu, nawasalimu nyote, pamoja na wale mnaosoma kimya kimya bila kucomment.

Kila mara humu namwona kijana anahamia Karatu na kuuliza English medium gani nzuri. Anajibiwa habari za school bus, swimming pool na matokeo ya darasa la saba. Mambo mazuri hayo. Mimi mzee wenu nitawaeleza kilichonipata, na chumvi sitaongeza, maana mke wangu, mama Martina, yuko hapa pembeni na miwani yake anasoma kila ninachoandika.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa fundi wa magari na mitambo ya barabara, kituo changu Endulen, kule Ngorongoro kwa Wamaasai.

Sisi ni Wairaqw wa Buger, lakini binti yetu wa kwanza, Martina, alikulia kule kule na watoto wa wafugaji. Alikunywa maziwa ya kwao, akakimbizana na ndama wao, na Kimaasai alikijua kuliko Kiiraqw. Kiswahili alikuwa anakiokota okota. Bibi yake akija kututembelea anauliza, huyu mmemtoa boma gani?

Sasa kwa wasiojua: mtoto wa Kimaasai hamsalimii mkubwa kwa maneno mengi. Anamwendea, anainamisha kichwa, anangoja. Mkubwa anamwekea kiganja utosini, basi, salamu imekwisha, mtoto anaendelea na michezo yake.

Martina alimfanyia hivyo kila mtu, mimi baba yake nikiwemo. Nikirudi jioni na mikono imejaa grisi nanawa kwanza, na yeye ananingoja pale pale kainama.

Kisha nikahamishiwa Karatu.

Umri wa kuandikishwa darasa la kwanza alikuwa bado, na mama yake alitaka aingie akiwa anaongea Kiswahili na anajua kusoma. Shule za binafsi siku hizo hazikuwa kila kona kama leo. Tulisikia sehemu mbili tu za kulipia. Moja ilikuwa ndani ya shamba kubwa la kahawa, ilifunguliwa kwa ajili ya watoto wa mameneja, ikawa inapokea na wengine wachache. Nyingine lilikuwa darasa moja nyuma ya kanisa, la mama mmoja tuliyemwita Mwalimu Yasinta.

Nikaenda kuiona ile ya shambani. Wakuu, nililainika mwenyewe.

Njia imepangwa mawe ya chokaa. Watoto wana soksi nyeupe mpaka magotini, na vumbi jekundu la Karatu mnalijua. Nikaingia darasani, wakasimama wote: "Good morning, sir!" Sir mwenyewe ndiye mimi, ovaroli na spana mfukoni. Nikamwandikisha siku hiyo hiyo.

Mama Martina akaomba tukaone na ile ya pili. Niliichungulia tu kutoka barabarani. Hakuna uzio, kanga zimeanikwa kwenye michongoma, watoto wanakunywa uji kwa vikombe vya bati, na mmoja kalala kwenye mkeka saa nne asubuhi. Nikamwambia, tumetoka pori moja, hatuwezi kuingia pori jingine. Maneno hayo ananikumbusha mpaka leo. Hapa tu kayasoma, anacheka.

Na mimi nikaongeza ufundi wangu. Nikamwambia Martina sasa tuko mjini, mambo ya kuinamisha kichwa tumeyaacha Endulen, hapa mtu anasema shikamoo. Jioni akija kuniinamia, nampita naenda zangu kunawa. Nilidhani namsaidia.

Wiki ya kwanza shuleni akawa mkimya. Nikasema anazoea. Wiki ya pili kimya kikazidi. Ya tatu, asubuhi anashika mguu wa kitanda hataki kutoka, na jioni anakaa pembeni ya jiko bila kumsemesha hata mama yake. Iliniuma, nisiwadanganye. Darasa la kwanza lilikuwa linakaribia, na badala ya kumwandaa mtoto tulikuwa tunampoteza.

Asubuhi moja nikamshusha getini kama kawaida. Nataka kuondoka, gari likagoma. Fundi mzima! Wakati nahangaika na betri ndipo nikaona.

Mwalimu kasimama mlangoni. Kila mtoto anasema good morning, anaingia. Martina akafika, akainamisha kichwa, akangoja. Mwalimu akamsemesha kidogo, akaona hajibiwi, akampokea wa nyuma yake. Wakapita wote. Mwalimu naye akaingia. Mwanangu kabaki nje kainama, mpaka alipoona hakuna mtu tena, akaingia polepole.

Yule mwalimu hakuwa mtu mbaya, nasema wazi. Alitoka mkoa wa mbali. Nilipomwendea aliniambia kwa heshima kabisa kwamba binti yangu ni jeuri, haangalii mtu usoni, kwa hiyo amemkalisha nyuma ya darasa mpaka ajirekebishe.

Jioni ile nilikaa na Martina kizingitini. Nikamuuliza kwa Kimaasai changu cha kuunga unga, huko shuleni kuna nini.

"Mwalimu ana hasira na mimi," akasema. "Hajanigusa hata siku moja."

Nikacheka kidogo, nikawa naanza kumweleza kwamba mwalimu hajui tu mambo yale. Akaniangalia.

"Na wewe baba. Tangu tuhame."

Wakuu, alisema kweli. Mwalimu alikosea kwa kutojua. Mimi nilijua.

Sikwenda kunawa. Nikamwekea mkono utosini na grisi yake yote. Mama yake alizisugua nywele zile siku mbili, na sabuni miaka ile mnakumbuka ilivyokuwa ya kutafuta kwa tochi.

Kesho yake mama Martina akampeleka kwa Mwalimu Yasinta, mimi nafuata nyuma kama mkia. Martina akafika mbele yake, akainama.

Mwalimu Yasinta ni Mwiraqw wa Endabash. Mila za Kimaasai hakuzijua zaidi ya yule wa kwanza. Ila alichuchumaa mpaka akauona uso wa mtoto kutokea chini, akamuuliza taratibu:

"Mwanangu, nyie huwa mnasalimianaje?"

Martina akaushika mkono wa mwalimu, akauweka mwenyewe kichwani pake. Kisha akakimbilia kwenye uji.

Haukupita muda darasa zima likawa linapanga mstari asubuhi na kuinamisha vichwa, Mwalimu Yasinta analalamika bega linamuuma. Huko darasa la kwanza tulianza kuitwa shuleni kwa kosa jingine: mtoto wenu anaongea mno.

Basi vijana, kabla ya kuuliza swimming pool, nenda shuleni asubuhi watoto wanapoingia. Kama gari lako ni zima, jifanye limegoma. Mtazame yule mtoto asiyefanana na wenzake, uone anapokelewaje pale mlangoni. Na ukirudi nyumbani ujikague na wewe, maana mwacha mila ni mtumwa, na mimi nilitaka kumwachisha mtoto za kwake kwa sababu ya soksi.

Wenye visa vyenu vya kuhama na watoto viwekeni hapa chini. Nitasoma vyote, maandishi madogo nitasomewa.

Martina sasa ni mtu mzima, watoto wake wako chuo. Juzi kaja kututembelea, mizigo mikono yote miwili. Nilikuwa nimepindua baiskeli ya mjukuu, naipaka grisi mnyororo. Kabla hajatua chochote akanijia, akainamisha kichwa, akangoja.

Sikumngojesha.